Saa Kumi za Mapumziko

Vijana, mimi usingizi nauogopa. Simba niliwahi kumwona barabara ya Kahama, amejinyoosha katikati ya njia mchana kweupe. Dereva akapiga honi, simba akainuka, akatupisha taratibu, tukapita. Hofu ilikuwepo, ila ilikwisha pale pale. Usingizi ni kitu kingine. Nimeuona ukimchukua mwanamume wa kunyanyua tairi la lori peke yake, amekaa wima, macho wazi, mikono kwenye usukani. Mwili upo, mwenyewe hayupo. Nimefanya kazi na kitu hicho miaka mingi, na mpaka leo sijakielewa. Nakistaajabia tu.

Kazi yangu ilikuwa kupanga zamu za madereva. Mwenyewe sikuwa dereva. Mara moja walinipa lori nizunguke nalo uani, nikagonga pipa la dizeli, wakaninyang'anya ufunguo. Nilikuwa karani wa zamu katika kampuni moja ya malori pale Shinyanga, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Treni ilileta mizigo stesheni, sisi tukaisambaza: saruji, mbao, mapipa ya mafuta, vyuma vya migodini. Malori yetu yalikwenda Mwadui kwenye almasi, yakaenda Kahama, Ushirombo, mpaka kwenye migodi ya dhahabu upande wa Geita. Msimu wa pamba ukifika tuliacha karibu yote hayo tukabeba pamba.

Mkisikia karani wa zamu msidhani ni mtu wa kukaa kivulini na kalamu sikioni. Ingawa kweli, kalamu nilikuwa nayo sikioni.

Kanuni zetu zilikuwa kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani, nyuma ya kiti changu. Dereva akimaliza zamu apewe saa kumi za mapumziko kabla ya zamu nyingine. Zamu isizidi saa kumi na nne, pamoja na kupakia na kushusha. Usiku, lori lenye dereva mmoja lisitoke kwenda safari ndefu, na hata kazi fupi ya usiku ilitaka kibali. Basi, mistari mitatu. Nilidhani mtu mwenye akili timamu hawezi kukosea mistari mitatu.

Wa kwanza kunionyesha kwamba naweza ni dereva mmoja anaitwa Maduhu. Mnaujua udongo mweusi wa mbugani. Kiangazi ni mgumu na una nyufa za kumeza mguu, mvua ikinyesha unageuka gundi. Maduhu alikwama kwenye gundi hiyo siku mbili, kati ya Shinyanga na Kahama, na shehena ya saruji. Aliporudi nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari: Maduhu, mapumziko, siku mbili. Akalisoma, kwa sababu kusoma alijua.

"Karani, hapa umeandika nini?"

"Kwamba ulipumzika. Si gari halikutembea?"

"Gari halikutembea, kweli. Mimi nimekata matawi, nimechimba, nimelala juu ya mifuko ya saruji, nimemfukuza fisi aliyekuja kula viatu vyangu. Kama huko ndiko kupumzika, mvua ijayo twende wote bhabha, nawe ukapumzike."

Ofisi nzima ilicheka, nami nikafuta. Nikajiambia kwamba sasa nimeelewa: kupumzika kwa gari na kupumzika kwa mtu ni mambo mawili. Kumbe nilikuwa nimeelewa nusu.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mzee Athumani, msimamizi wa zamu aliyenitangulia. Wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi nchi za mbali, akarudi na kikohozi na ujuzi mmoja, ndivyo alivyosema mwenyewe: kumtambua mtu ambaye hajalala.

"Usimwulize dereva kama amechoka," aliniambia siku ya kwanza. "Hakuna dereva aliyechoka duniani. Mwulize kitu cha kipuuzi. Mwulize jana alikula mboga gani. Aliyelala atakujibu huku anakushangaa. Ambaye hajalala ataanza kufikiri."

Kisha kulikuwa na jambo la mlango. Mzee Athumani alidai kwamba mtu aliyelala akipanda lori hufunga mlango mara moja, na ambaye hajalala huufunga ukakataa, akaufunga tena. Nikaona mzee ananitania. Asubuhi moja akanisimamisha uani, malori sita yanajiandaa kuondoka, akaniambia nitazame ukuta. Naye akatazama ukuta. Tukasikiliza. Mlango wa kwanza, pa. Wa pili, pa. Wa tatu, pa. Wa nne, pa, halafu pa. Wa tano na wa sita, pa, pa.

"Wa nne," akasema bila kugeuka. "Mrudishe."

Nikamrudisha. Alikuwa amekesha msibani, na hakutaka kusema. Nilibaki pale nimeshika daftari. Mzee yule alikuwa ameusikia usingizi kwa masikio yake, kupitia mlango wa bati, amegeukia ukuta. Nimekutana na maprofesa baadaye maishani, hakuna aliyenishangaza kiasi kile.

Mambo ya kushangaza hayakupungua kwenye kazi ile. Mara moja tu nilipanda lori mwenyewe hadi mgodi mmoja wa Geita, kulinganisha orodha za mizigo zilizokuwa hazikubaliani. Kabla hatujaona chochote nilisikia nyayo zinatetemeka ndani ya viatu. Ni mashine za kuponda mawe, zinapiga usiku na mchana, na kilima kizima kinaitikia. Nikaonyeshwa kwa mbali mtu anapita na kitu mikononi, wanasema ndiyo dhahabu yenyewe, imeshayeyushwa. Aliibeba kwa mikono miwili, akaingia mlangoni, mlango ukafungwa. Nikafikiria saruji, mbao, mapipa, vyuma, madereva wangu kwenye tope, yote yale yanayoingia pale mwaka mzima, na kinachotoka kinaenea kwenye sanduku la viatu. Safari nzima ya kurudi sikusema neno. Dereva akadhani nina homa.

Na sasa niwaambie habari za Mabula, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwafundisha.

Mabula alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Kwa udereva sikuwa na mwingine wa kumlinganisha naye. Alikuwa na mke, Mama Kulwa, na watoto pacha wadogo. Nyumba yake ilikuwa kijijini, nje ya mji kwenye njia ya Kahama, karibu kabisa na kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu ule pamba ilikuwa nyingi kupita kawaida. Kiwanda kilifanya kazi usiku na mchana, mabehewa yanangoja stesheni, na sisi tukapata kibali cha kubeba marobota usiku. Nikamweka Mabula usiku tatu mfululizo, kiwandani hadi stesheni, stesheni hadi kiwandani. Kila alfajiri anakabidhi lori, anapata saa zake kumi, na zaidi.

Hapo nikafanya jambo ambalo nililihesabu kuwa jema. Madereva wengine wa usiku walilala mchana kwenye banda letu uani, vitanda vya kamba, mafundi wanagonga chuma nje ya dirisha. Mabula nikampangia amalizie zamu kiwandani badala ya uani, ili aende kwake kwa miguu akalale kitandani mwake, karibu na mke wake, mahali penye utulivu wa kijiji. Nilijisifu moyoni. Nikasema, Ramadhani, wewe ni karani mwenye utu.

Mjue kwamba mimi nimezaliwa Tabora, kwenye nyumba za reli. Baba yangu alifanya kazi kwenye treni. Pale kwetu nusu ya wanaume walilala mchana, na kila mtoto alijua nyumba ipi ina mtu aliyetoka zamu ya usiku. Ukipiga kelele karibu na dirisha lake, mama yeyote aliyekuwa karibu alikuchapa, hata kama si wako. Nilidhani dunia yote iko hivyo.

Siku ya nne treni ya jioni ilileta pampu. Ilikuwa pampu kubwa ya kunyonya maji, ya mgodi mmoja wa upande wa Geita. Ya zamani ilikuwa imevunjika na maji yanapanda chini ya ardhi. Wachimbaji walikuwa wamekwisha tolewa, hakuna mtu aliyekuwa hatarini, lakini maji yakizidi kupanda wangepoteza mashine zote zilizobaki kule chini, na kila mtu aliyekuwa na simu alikuwa anaipigia ofisi yetu. Meneja wetu, Mzungu mmoja mwenye haraka ambaye madereva walimwita Bwana Saa kwa vile alivyoitazama saa yake kila alipoongea nawe, alinijia mwenyewe na kunisimamia.

"Nani amepumzika?"

Nikafungua daftari. Mstari wa Mabula ulikuwa safi kuliko yote. Siku tatu, saa kumi na zaidi kila siku, zote nyumbani. Angeanza saa nne usiku kusimamia upakiaji, maana mzigo wa namna ile dereva lazima aufunge mwenyewe kwa mkono wake. Alfajiri aondoke. Saa sita mchana zamu yake ya saa kumi na nne ingekuwa imetimia, naye angekuwa ameshafika Ushirombo, ambako dereva mwingine angeupokea usukani. Kanuni haikuvunjwa hata kwa dakika moja. Niliutazama mpango ule nikaona raha.

Mabula alipokuja nilimwuliza, "Umepumzika?"

"Nimepumzika, Karani."

Nikaandika: Amepumzika. Nikatia sahihi. Sikumwuliza mboga. Alfajiri alipoondoka nilikuwa ndani natafuta karatasi za mzigo, sikuusikia mlango wake.

Saa tano kasoro, jua kali, gari dogo la mgodi lililokuwa linakuja kuitafuta ile pampu likaikuta. Lori limeegeshwa kando ya barabara, bado mwendo kidogo kufika Ushirombo. Matawi yamewekwa mbele na nyuma vizuri, kama inavyotakiwa gari likiharibika. Gari halikuharibika. Mabula alikuwa chini yake, kivulini, amelala fofofo. Mzungu wa mgodi aliyeendesha lile gari dogo alipiga honi mpaka akachoka. Mwishowe Mabula akaamka, akanawa uso, akaendesha hadi Ushirombo akakabidhi. Pampu ilifika mgodini kabla jua halijazama, na mashine zikaokolewa. Lakini habari ya dereva aliyelala barabarani ilifika Shinyanga kabla ya dereva mwenyewe.

Bwana Saa aliagiza daftari. Akasoma. "Saa kumi," akasema. "Na jana yake zaidi ya kumi. Na juzi. Mtu huyu amepumzishwa kuliko mimi. Kama amelala saa nne asubuhi, basi alikuwa mlevi au mvivu." Akamwita Mabula. Nilikuwepo.

"Ulikunywa?"

"Sinywi, bwana."

"Ulipewa mapumziko nyumbani?"

"Nilipewa."

"Sasa kwa nini ulilala njiani?"

Mabula akatazama chini. "Sina la kusema, bwana."

Bwana Saa akaandika barua, akaiweka mezani bila kuitia sahihi. Kesho ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi, akasema, ataitia sahihi. Mnajua barua ya namna ile wakati ule ilikuwa na maana gani. Ikishaandikwa kwamba dereva fulani alilala kazini na mzigo wa haraka, hakuna kampuni ingemgusa kutoka Tabora mpaka Mwanza. Mabula alijua kazi moja tu. Na kilichomfunga kilikuwa neno moja la mkono wangu: Amepumzika.

Nilimfuata nje. "Mabula, niambie mimi."

"Nikuambie nini, Karani? Umeniuliza nikakujibu. Kazi sikufanya. Si nilipumzika?"

Jumapili alfajiri nikapanda baiskeli. Mabula mwenyewe nilijua yuko mjini kwa kaka yake, hakutaka kurudi kwake na habari ile. Nilimkuta Mama Kulwa anaanika mtama uani.

"Mwangaluka, Mama Kulwa."

"Mwangaluka, Karani. Karibu. Baba Kulwa hajambo?"

"Hajambo. Mama Kulwa, nataka nikuulize kitu. Zile siku tatu alizotoka kazini alfajiri, alilala?"

"Alijilaza."

"Alilala usingizi?"

Akaacha mtama, akanitazama kama mtu anayepima kama mgeni wake ana akili. "Atalalaje, Karani, na watu wamejaa?"

"Watu gani?"

"Wa kumwona. Siku ya kwanza jirani anapita na jembe, anamkuta amelala, na jua limeshatoka. Ananiuliza, Baba Kulwa ana nini? Nikasema amechoka. Akasema, sasa mwanamume wa watu, mzima, alale jua liko juu hivi kwa kuchoka? Akaenda kuwaambia wenzake kwamba naficha ugonjwa. Mchana wakaja wazee, baba yangu na mama yangu wakiwemo. Mtu ataendelea kulala wakwe zake wamekaa? Akaamka, akaamkia, akakaa nao. Siku ya pili habari imefika kijiji cha pili. Shangazi yake akaja kwa miguu na kuku. Walileta uji, walileta maziwa, usiniulize. Siku ya tatu wakamleta mganga."

"Mganga akasema nini?"

"Akasema anahitaji kulala."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye pia akacheka, akajifunika uso kwa khanga. "Lakini alisema jioni," akaongeza. "Baada ya kukaa naye mchana kutwa."

Nikamwuliza kwa nini Baba Kulwa hakusema haya kwa meneja. Kicheko kikamwisha. "Alitukataza. Alisema watu walikuja kwa wema. Wakisikia kwamba kuja kwao kumemfukuzisha kazi, watajisikia wamemroga. Hakuna atakayethubutu tena kumwona mgonjwa katika nyumba hii."

Jua lilikuwa limepanda na miguu yangu haikuzoea baiskeli. Mama Kulwa alinitandikia mkeka kwenye kivuli cha nyumba, akasema nijinyooshe kidogo kabla ya kurudi. Nikajinyoosha, na nadhani nilisinzia. Nilipofumbua macho, watu wanne walikuwa wamekaa kunizunguka, kimya, wananitazama kwa huzuni. Bibi mmoja alikuwa ameniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mwadila, baba," akanisalimia polepole. "Pole. Ugonjwa umeanza lini?"

Nikamwambia sina ugonjwa, bibi, nimechoka tu. Akawatazama wenzake, nao wakatikisa vichwa, kama watu waliosikia jibu hilo hilo siku chache zilizopita. Mwingine alikuwa ameshakwenda kuniletea maziwa.

Vijana, sijui niwaelezeje nilichohisi pale mkekani. Mtu mgeni, kabila geni, dini nyingine, nimefumba macho muda mfupi tu, na watu wameacha mavuno ya pamba yao kuja kuhakikisha sifi peke yangu. Nililewa kwa mshangao. Nilikuja na baiskeli kutafuta mkosaji, nikanywa maziwa yake. Nilipokuwa narudi nilihesabu kichwani: siku tatu, saa kumi na zaidi kila siku, na mtu hakupata hata usingizi wa kuku. Na daftari langu safi kabisa. Mkosaji alikuwa mmoja tu, aliyemtuma Mabula akalale mchana mahali ambapo kulala mchana ni kuomba msaada, naye alikuwa juu ya baiskeli.

Jumatatu asubuhi nilifika ofisini mapema. Bwana Saa alikuwepo, barua ipo mezani, kalamu iko wazi. Mabula alisimama karibu na mlango na kofia mkononi. Nikaomba kusema. Nikaeleza yote, wageni, uji, shangazi na kuku, mganga. Mabula alinikodolea macho kunikanya, nikaendelea. Nikasema nimetia sahihi kwamba mtu amepumzika bila kujua kama amelala, na kwamba kama kuna wa kuandikiwa barua, daftari ni langu.

Bwana Saa alikijua Kiswahili vizuri kwa miaka aliyokaa nchini. Alisikiliza hadi mwisho, na mara hii hakuitazama saa. Kisha akasema jambo ambalo kusema kweli lilikuwa na haki yake.

"Sawa. Hakulala. Lakini alijua mgodi unangoja. Alikuwa amebakiza mwendo mdogo tu afike Ushirombo akabidhi. Saa nzima hata haifiki. Mtu mwenye kuijali kazi angejikaza." Akamgeukia Mabula. "Kwa nini hukujikaza?"

Nilidhani atasema tena hana la kusema. Alizungusha kofia yake mikononi, akazungusha tena.

"Nilijikaza, bwana," akasema kwa sauti yake ile ndogo. "Tangu Kahama najikaza. Nikaona ng'ombe wamejaa barabarani. Nikafunga breki, nikashuka niwafukuze. Hakuna ng'ombe. Barabara tupu, hata kinyesi hakuna. Nikapanda, nikaenda. Nikaona tena ng'ombe, nikashuka, hakuna. Nikajisemea, Mabula, haya ni macho, usiyasikilize, mgodi unangoja. Nikaenda. Halafu nikaona watoto."

Akaipangusa kofia vumbi. Bwana Saa hakumhimiza.

"Wengi, bwana, wametoka mafundisho kule misheni, wamejaa njia yote. Nikajisemea, na hawa hawapo, pita. Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta. Sijui ni kitu gani kilichouondoa. Nikafunga breki, vumbi likatufunika, nikashuka. Vumbi lilipotulia nikamwona msichana mdogo mbele kabisa, ameweka mkono kwenye bampa. Nikamtazama tu. Nilikuwa nangoja apotee kama ng'ombe. Akainua uso, akasema shikamoo."

"Halafu?"

"Nikaitikia marahaba. Ndipo nikajua yupo."

Nje fundi alikuwa anagonga chuma, akaacha, akaanza tena. Bwana Saa alikuwa ametazama mkono wa Mabula, ule wa kofia, kama vile alikuwa bado anauona mkono mwingine mdogo kwenye bampa.

"Wakapita wote," akamalizia Mabula. "Nikawahesabu mpaka wa mwisho. Nikaenda kukata matawi."

Bwana Saa aliichukua ile barua, akaichana, akavisukuma vipande pembeni ya meza. "Kalale," akamwambia Mabula. Kisha akanigeukia. Niliona kwamba anataka kunikaripia, na nilistahili, lakini sauti ilimtoka ya kawaida tu.

"Na wewe, mtafutie mahali."

Nilimpeleka nyumbani kwangu, nikamwonyesha kitanda, nikafunga dirisha. Kisha nikatoa kiti nje, nikakaa mlangoni, nikawangoja wageni wake.